Marahaba ya Dirishani

Gaudensi alinipigia simu nikiwa Iringa, nimekaa jikoni napepeta mchele, akaniambia mlingoti wetu wa redio umeangushwa. "Wameukata, Mwantumu. Wameupakia kwenye lori, umekwenda kuuzwa chuma chakavu." Nikamuuliza kama aliuona ukianguka. Akasema hapana, aliambiwa na dereva aliyetoka Kilosa, na kwamba mchana ule alikula chakula bila kusikia ladha ya chumvi. Halafu akacheka, maana Gaudensi hakujaliwa uwezo wa kuhuzunika kwa muda mrefu. "Njoo Mikumi tuukalie matanga," akasema. "Na uje na njaa." Kesho yake nikapanda basi la kuteremka, nikiwa na kitenge kipya na hasira kidogo, kana kwamba waliuza kitu cha nyumbani kwangu bila kuniuliza.

Gaudensi ndiye aliyekuwa fundi mitambo wa redio niliyoanzia kazi. Siku hizi ana gesti na mgahawa kando ya barabara kuu pale Mikumi, mahali malori yanapoegeshwa madereva wakila na kuoga. Alinikalisha karibu na dirisha, akaniletea wali wa Kilosa, mbaazi za nazi, na kuku ambaye, kwa maelezo yake, asubuhi ile ile alikuwa bado anamsumbua uani. Tulikula, tukaongea, tukasahau kabisa kulia. Ajabu ni kwamba redio ile iliishi miaka kadhaa, lakini kila tulipofungua mdomo tulirudi kwenye mwaka mmoja tu, ule wa kwanza. Ndio ninaotaka kuusimulia hapa. Ya ukoo na ya shule nayaacha. Inatosha kujua kwamba nilikuwa binti wa Kilosa mjini, nimemaliza kidato cha nne, na kila mtu mjini pale alijua mimi ni binti wa nani. Hilo la mwisho ndilo lililotuletea kasheshe yote.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipoachia biashara huria. Maduka yaliyokuwa yakiuza viberiti na vumbi ghafla yalijaa redio za plastiki, betri za kila rangi, na marobota ya mitumba ambayo wanawake waliyavamia sokoni kabla kamba haijakatwa. Redio tuliyoijua ilikuwa moja, ya taifa, na watangazaji wake hatukuwafikiria kama watu wenye miguu. Walikuwa sauti tu. Hawana jirani, hawana mama. Ndipo Bwana Mapunda, mfanyabiashara wa mahindi ambaye baba yake alitoka Songea kuja kukata mkonge, alipotangaza kwamba na sisi tutakuwa na yetu. Aliiita Redio Miyombo. Akanunua mtambo mkuukuu wa masafa ya kati, na wajuaji wa mjini wakamcheka, wakisema dunia inahamia FM. "FM yenu inaogopa milima," Gaudensi akawajibu. "Hii yetu inatambaa. Itapanda mpaka Vidunda bila kuomba maji ya kunywa." Na kweli ilipanda. Tatizo lilikuwa kibali. Tulipewa cha majaribio, cha mwaka mmoja, na kabla ya mwaka kwisha wakubwa wa vibali wangekuja kutoka Dar kuwauliza wananchi wenyewe kama redio hiyo wanaitaka. Wakisema hawaitaki, Bwana Mapunda anazima mtambo na mimi narudi nyumbani. Na mimi kazi ile ya utangazaji niliipenda kupita kiasi. Niliipenda hata nilipokuwa nimelala.

Studio ilikuwa chumba kimoja cha ghala la zamani la pamba. Kuta tulizifunika kwa trei za mayai na magodoro ya sponji ili sauti isigonge, na dirisha pekee lililokuwapo tuliliziba kwa godoro la kitanda cha futi nne. Joto lake sitalisahau. Ukiingia na kanga iliyopigwa pasi, unatoka na kanga iliyofuliwa. Chumba cha pili ndipo ulipokaa mtambo ukinguruma, na Gaudensi pembeni yake, shati begani, akiuongelesha kama mke. Chumba cha tatu kilikuwa ofisi ya Bwana Mapunda, ambako mchana tulikula sote ubwabwa na maharage kwenye sinia moja, na ambako nilijifunza mengi kwa kutafuna polepole huku nikisikiliza wakubwa wakibishana. Ng'ambo ya barabara, mkabala na dirisha letu lililozibwa, palikuwa na baraza la kahawa la wazee.

Mkubwa wa baraza lile alikuwa Mzee Kibwana, mkuu wa stesheni mstaafu, aliyekaa miaka mingi Kidete akipokea na kuruhusu treni. Ustaafu haukumwingia. Mtu akichelewa kufika barazani, Mzee Kibwana alitaka maelezo. Redio ya barazani ilikuwa yake, ikining'inia kwenye msumari juu ya kichwa chake, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa.

Siku za mwanzo nilifungua matangazo kama nilivyosikia redio ya taifa ikifanya. "Habari za asubuhi, wasikilizaji, popote mlipo." Nilijiona nimefika. Nilikuwa bado naogelea kwenye utamu huo wazee watatu walipoingia ofisini, Mzee Kibwana mbele, amevaa kanzu ya Ijumaa na haikuwa Ijumaa. Niliacha sinia, nikapiga goti.

"Shikamooni."

"Marahaba," wakaitikia wote. Mzee Kibwana akamgeukia Bwana Mapunda. "Umesikia? Binti adabu anayo. Sasa tuambie, mle ndani huwa anaivulia wapi?"

Bwana Mapunda akameza ubwabwa bila kuutafuna. "Kuna nini tena, mzee wangu?"

"Jana jioni huyu kapita barazani, katuamkia vizuri, tukamwitikia. Leo alfajiri kaingia nyumbani kwangu. Niko kitandani, mama watoto yuko pembeni, ananiambia habari za asubuhi. Mimi ni mwenzake?"

"Mzee, pale anaongea na watu wote. Wilaya nzima."

"Na hiyo wilaya nzima haina wakubwa?"

Gaudensi, ambaye hakujua kunyamaza, akaingilia akisema mbona redio ya taifa wanasema vile vile na hakuna aliyekwenda kulalamika. Mzee Kibwana akamtazama kwa huruma. "Wale siwajui, baba. Wageni wale, nitawadai nini? Huyu namjua. Mama yake namjua. Nimemwona hana hata jino." Akasema wao hawana ugomvi na redio, ila kila nitakapofungua, ya barazani itazimwa mpaka nimalize kuwavunjia heshima. Wakatoka. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilikuwa mtoto niliyelelewa kuamkia hata wazee wanaopita upande wa pili wa barabara, na sasa nimeambiwa kwamba kila alfajiri nawatukana watu wazima vitandani mwao.

Bwana Mapunda hakulala vizuri wiki ile. Wakubwa wa vibali wakija watauliza nani? Watauliza wazee. Basi akatoa amri nianze na shikamooni. Nikaanza. Wazee wakawasha redio, na vijana wakanigeuza kichekesho. Mjini ningeweza kupita wapi? Sokoni, kwenye foleni ya maji, kila nilipotokea, watu niliosoma nao dawati moja waliniitikia kwa sauti nzito, "Marahaba, mwanangu, hujambo?" Ramadhani, fundi cherehani aliyekuwa akinitupia jicho la maana tangu shuleni, alinijibu hivyo mbele ya wateja wake, na mapenzi yetu yakafia pale kwenye mashine kabla hayajazaliwa. Nililia ofisini. Gaudensi alicheka mpaka akakaa chini.

Kisha ujumbe mwingine ukaletwa kutoka barazani: unaamkia, halafu hungoji kuitikiwa, unakimbilia habari za bei ya mahindi. Kuamkia gani huko? Na hapo, nikifikiria leo, walikuwa na haki. Mtoto anayesema shikamoo huku akikimbia tulimwita arudi. Nikaanza kungoja. Nasema "Wazee wetu, shikamooni," halafu nanyamaza, nikiwapa nafasi ya kuitikia majumbani mwao. Gaudensi alikuja mbio kutoka kwenye mtambo. Kwa fundi wa redio, ukimya hewani ni ajali, na yeye alikuwa akichungulia kioo cha studio kila mara kuona kama nimezimia. Vidunda nako, ambako habari za mabadiliko hazijafika, watu walidhani betri zimekwisha. Walizitoa, wakazianika juani. Bwana mmoja aliteremka mlima na redio yake kwapani kuja kutuambia ina ugonjwa wa kukata kila asubuhi mahali pale pale.

Ili vijana nao wasinune, nikawagawa wasikilizaji. Wazee kwanza na nafasi yao. Halafu, "Wenzangu, hamjambo?" na nafasi yao. Halafu, "Watoto, nawasubiri," na hapo nilinyamaza wakaniamkia wao, nikajibu, "Marahaba wanangu, haya shuleni." Akina mama waliniambia watoto waliitika kweli, na mmoja alikataa kunywa uji mpaka aniamkie. Salamu zikawa ndefu kuliko habari. Bwana Mapunda akalalamika kwamba mpaka tumalize kuamkiana, bei ya mahindi imeshapanda. Lakini watu walianza kutuita redio ya shikamooni, na Mikumi madereva wa malori, walipoingia eneo letu la mawimbi, walikuwa wakiniitikia kwa honi. Nilitumwa huko mara moja kukusanya salamu za wasikilizaji, nikaagiza chai, na dereva mmoja aliposikia tu sauti yangu akaacha supu yake, akasimama, akasema, "Kumbe ni kabinti!"

Aliyebaki ni Mzee Kibwana. Redio aliwasha, alisikiliza, ila hakuitikia. Nilimsikia mwenyewe siku nilipotumwa kahawa ya Bwana Mapunda, nikiwa nimesimama nyuma ya nguzo nasubiri birika. Mzee mmoja alikuwa akimshawishi. "Mtoto kajirekebisha, Kibwana. Mwitikie basi."

"Nimwitikie nani? Mimi siitikii boksi."

"Si anangoja?"

"Anangoja, lakini hasikii. Mtu akikuamkia, ukamwitikia, naye hakukusikia, hiyo marahaba imekwenda wapi? Mimi nimefanya kazi ya reli. Ukipiga simu stesheni ya pili wasipojibu, huruhusu treni. Unakaa."

Na kwa kuwa yeye ndiye mkubwa, na mkubwa ndiye anayetangulia kuitikia, baraza zima lilikaa kimya. Kila asubuhi nilingoja, na ng'ambo ya barabara watu wazima wenye meno yao walitazama vikombe vyao. Niliirudisha ile kahawa ofisini imepoa. Iliniuma kuliko kejeli zote za sokoni, kwa sababu kweli sikuwasikia.

Wakubwa wa vibali walifika wakati mvua zimekatika na joto limekaa Kilosa kama mgeni asiyeaga. Aliyewaongoza alikuwa mama mmoja mnene, mcheshi, mwenye miwani ya kamba na jicho lisilopitwa na kitu. Alitaka kukaa ndani ya studio nikifungua matangazo ya mchana, halafu avuke barabara kwenda kuuliza wananchi, na wananchi wa karibu walikuwa wale pale, barazani. Bwana Mapunda alikuwa amevaa tai. Nilimwona akiomba dua na kujifuta jasho kwa mkono mmoja.

Yule mama alikaa kwenye kiti cha pembeni, akajipepea kwa faili, akatazama magodoro. "Humu hamna dirisha?"

"Lipo, mama," Gaudensi akasema. "Ila huwa halifunguliwi. Sauti za nje zinaingia, na ile redio ya barazani itaturudishia sauti yetu, ipige mluzi."

"Lifungueni. Nikifia humu nani atawasainia?"

Hapakuwa na la kubishana. Gaudensi akang'oa godoro, akasukuma mbao ambazo tangu redio ianze hazijasukumwa, na mchana wote wa Kilosa ukaingia: jua, baiskeli, harufu ya kahawa na kashata. Na pale mbele yangu, karibu kuliko nilivyodhania, Mzee Kibwana, kikombe mkononi, redio kwenye msumari. Taa nyekundu ya kuwa hewani ikawaka. Nikasogea kwenye maikrofoni, na bila kukusudia, kwa kuwa yupo na ananitazama, nikamtazama yeye.

"Wazee wetu, shikamooni."

Nikangoja. Niliona kikombe kikisimama njiani. Binti anayemjua, binti wa mtu anayemjua, amemtazama usoni na kumwamkia, na dirisha liko wazi. Angefanya nini? Nadhani alijibu kabla hajajua.

"Marahaba!"

Na baraza zima, kama watu waliokuwa wamebanwa na kikohozi, likafuata nyuma yake, "Marahaba!" Sauti zikavuka barabara, zikaingia dirishani, zikaingia kwenye maikrofoni, zikaingia kwenye mtambo, zikapanda mlingoti, zikarudi zikatokea kwenye ile ile redio iliyoning'inia juu ya kichwa cha Mzee Kibwana. Akaisikia marahaba yake mwenyewe ikitoka kwenye boksi. Akaweka kikombe chini. Akainuka, akaigeukia redio, akaikazia macho kama treni iliyokuja bila kupigiwa simu.

"Alaa," akasema. "Kumbe linasikia!"

Na hilo nalo lilikwenda hewani, Kidete, Vidunda na Mikumi, likifuatiwa na mluzi mkali ambao Gaudensi aliuwahi huku akicheka na kutukana kwa lugha ya kwao. Sikuweza kusoma habari. Nilijaribu bei ya mahindi, nikaishia katikati, kicheko kimenishika tumbo. Yule mama wa vibali alikuwa ameondoa miwani, anajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Alipovuka barabara kwenda kuuliza kama redio wanaitaka, Mzee Kibwana alimjibu kwa niaba ya wilaya. "Tunaitaka. Lakini dirisha lisifungwe."

Halikufungwa tena. Gaudensi alihangaika na waya na vitambaa mpaka akaupunguza mluzi, na kibali kikaja. Wazee kutoka vijijini walipofika mjini kwa shughuli zao walipita kwanza dirishani kuitikia wenyewe, wengine wakilipa marahaba za wiki iliyopita. Nikawa na furaha ambayo sijui nyingine niifananishe nayo. Ila mvua zilipoanza, Mzee Kibwana alirudi Kidete kulima. Redio yake akaondoka nayo, msumari ukabaki. Wengine waliniitikia, tena kwa nguvu, lakini ile moja niliyoipigania kwa mwaka mzima haikuwapo, na kila nikingoja niliisikia ilivyokosekana.

Asubuhi moja nimeamkia, baraza limeitikia, nakaribia kuendelea, kichwa chenye kofia ya reli kikachomoza dirishani. Alikuwa gadi wa treni ya mizigo iliyosimama kidogo stesheni, anahema kwa kukimbia. Hakujali taa nyekundu.

"Wewe ndiye Mwantumu? Nimetumwa na Mzee Kibwana, Kidete. Anasema marahaba. Ya jana, na ya juzi, na ya leo. Na anasema usiwe na haraka, hajamaliza kuitikia wewe umeshafika kwenye mahindi."

Nikashindwa kusema, na safari hii Gaudensi, aliyekuwa akiuogopa ukimya kama ajali, aliuacha. Ulikuwa mrefu. Natumaini huko Kidete mzee alitosheka nao.

Redio ilikuja kufa baadaye bila ugomvi, kama zinavyokufa biashara. Vipuri vikakosekana, FM zikaja na nyimbo zao, Bwana Mapunda akarudia mahindi. Mlingoti ulibaki umesimama, ndege wakautumia. Nilimwambia Gaudensi, tukiwa tumebakiza mifupa ya yule kuku, kwamba wangetuita hata tuuage. Hapo binti anayehudumia mezani akawasha redio ya mgahawa, na mtangazaji mmoja, msichana, sauti changa kabisa, akapiga kelele: "Mamboooo vipi, watu wangu!"

Nikahisi mgongo umeninyooka. "Watu wake?" nikamuuliza Gaudensi. "Mimi ni mwenzake?"

Gaudensi aliniangalia tu huku mashavu yakimtetemeka, na polepole nikasikia nilichokuwa nimesema, na kwa sauti ya nani. Tukacheka mpaka madereva wakageuka. Pale kwenye redio yule msichana alikuwa amenyamaza kidogo, labda anavuta pumzi, labda anatafuta wimbo. Mimi naujua ukimya wa aina hiyo. Nikapangusa mkono, nikalisogelea boksi.

"Poa, mwanangu," nikamwitikia.

Gaudensi akainuka, akaenda kufungua dirisha.